Kamera mpya, lenzi za zamani: kisa cha picha za harusi moja Mwanza

Mpiga picha mmoja mwenye studio ndogo Kirumba alinunua Canon EOS RP iliyotumika, akaiweka kando kamera yake ya zamani yenye kihisi (kipande kinachonasa mwanga) kidogo aliyoitumia kwa miaka kwenye vipaimara, mahafali na sendofu. Lenzi hakubadilisha. Alitafuta adapta ya kufungia lenzi za EF, yaani za mdomo wa zamani wa Canon, kwenye kamera ya RF, mdomo wao mpya, akaendelea na zake tatu: zum ya Canon ya milimita 24-105, zum ya 24-70 ya kampuni nyingine, na EF-S 10-18 ya Canon aliyoipenda kwa picha za ukumbi mzima. Kazi ya kwanza ya kamera hiyo ikawa harusi. Asubuhi kanisani, mchana kwenye mawe ya Capri Point, halafu ufukwe wa Igombe jua likielekea kuzama, na mwisho ukumbini. Siku nzima alipiga faili ghafi (RAW) tupu, bila kuweka JPEG pembeni.

Usiku huohuo programu yake ya kuhariri ilikataa kufungua hata picha moja. Ilisema faili haitambuliki au imeharibika.

Ujumbe wa namna hiyo unamtisha mtu kwa sababu unaunganisha mambo mawili yasiyofanana. Faili iliyoharibika ni msiba, maana bibi harusi hatatoka kanisani mara ya pili. Faili isiyotambulika ni usumbufu tu. Mtu wa kwanza aliyemwomba ushauri alimwambia kadi imekufa, atafute wa kuokoa data. Aliponipigia, nilichotaka kujua ni jambo moja: picha zinaonekana kwenye kioo cha kamera? "Zinaonekana, kaka, tena nikizivuta karibu naona mpaka kope. Hata kile kiprogramu cha kutazamia picha kinazionyesha. Ni hii ya kuhariri ndiyo inakataa."

Hapo kadi ilikuwa imeshajitetea. Ndani ya faili ghafi mna vitu zaidi ya kimoja. Mna data yenyewe ya kihisi, ambayo bado haijawa picha ya kutazamika, na mna JPEG ambayo kamera imeitengeneza na kuificha humo ili uone kitu kwenye kioo. Programu nyingi za kutazamia hazigusi data ya kihisi kabisa, zinachomoa tu hiyo JPEG. Kwa hiyo picha ikionekana huku na kukataliwa kule, uwezekano mkubwa ni kwamba faili ni nzima, ila programu haijafundishwa kuisoma.

Mshauri wa pili alikuwa kijana wa steshenari ya jirani, naye alimwelekeza abadili mwisho wa jina la faili kutoka CR3, muundo wa faili ghafi za kamera mpya, kuwa CR2, maana programu ilikuwa ikifungua CR2 za kamera ya zamani bila shida. Haikusaidia, na isingeweza kusaidia. CR2 imejengwa juu ya TIFF, muundo wa siku nyingi wa faili za picha. CR3, ambayo Canon waliianza mwaka 2018 na EOS M50, imejengwa juu ya muundo wa ukoo mmoja na video za MP4, na hata namna ya kubana data ndani yake ni nyingine. Ukibadili herufi tatu za mwisho wa jina, vya ndani vinabaki vilevile.

Kilichofafanua jambo ni tarehe. EOS RP ilitangazwa Februari 2019. Programu ya mpiga picha ni ya zile zilizouzwa kwa leseni ya kulipia mara moja, ambazo zilishaacha kupokea masasisho. Mfano unaojulikana na wengi ni Lightroom 6 ya Adobe: sasisho lake la mwisho, 6.14, lilitoka Desemba 2017, na kamera yoyote iliyozaliwa baada ya hapo haimo kwenye orodha yake. Toleo la programu likiwa na umri mkubwa kuliko kamera, kompyuta iwe na nguvu kiasi gani, jibu ni lilelile. Faili ghafi si muundo mmoja wa dunia nzima kama JPEG. Kila kampuni ina wake, na hata ndani ya kampuni moja kila modeli inahitaji kutajwa kwa jina, kwa sababu programu lazima ijue kiwango cha weusi cha kihisi hicho, mpangilio wa vichujio vyake vya rangi, na jinsi rangi zake zinavyotafsiriwa.

Njia zilikuwa kadhaa. Angeweza kuanza kulipia toleo jipya kila mwezi, gharama ambayo studio ya Kirumba inaisikia. Angeweza kuchukua Digital Photo Professional, inayotolewa bure na Canon kwa wenye kamera zao. Inazisoma CR3 vizuri na ina data za lenzi nyingi za Canon, ila ni nzito na haina mitindo ya rangi aliyokuwa ameihifadhi kwa miaka. Angeweza kuhamia darktable, programu ya kuhariri ya bure kabisa, ambayo imekuwa ikisoma CR3 tangu toleo la 3.8. Au angetumia Adobe DNG Converter, nayo ya bure, inayogeuza CR3 kuwa DNG, muundo wa faili ghafi ambao Adobe waliutoa mwaka 2004 na ambao programu yake ya zamani inaufahamu.

Nilimshauri DNG, kwa sababu mteja alikuwa anasubiri na mikono yake ilishaizoea programu ile. Kuna mambo mawili hapo ambayo wengi huyaruka. La kwanza, huhitaji toleo la mwisho kabisa la kigeuzi. Unahitaji toleo lililotoka baada ya kamera yako kuingizwa, na ambalo Windows yako inalikubali. Matoleo mapya yanakataa Windows za zamani, na mtu anaweza kumaliza bando lote kushusha mamia ya megabaiti ya kitu kisichofunguka kwake. La pili, kigeuzi kina sehemu ya kuchagua DNG isomeke na programu ya zamani kiasi gani. Ukiiacha kwenye chaguo la kisasa, unaweza kupata DNG ambayo nayo inakataliwa, ukaanza kuilaumu kadi upya.

CR3 zote zibaki kwenye diski ya nje. Hili nililisisitiza, kwa sababu baada ya kugeuza mtu huona faili mbili za picha ileile na kutaka kuokoa nafasi kwa kufuta moja. DNG ni tafsiri iliyofanywa leo. Akija kupata programu nzuri zaidi, atataka kurudi kwenye faili iliyotoka kwenye kamera.

Familia ilikuwa imeshaanza kuulizia picha za WhatsApp. Kwa hizo hakukuwa na haja ya kuhariri chochote: CR3 hubeba JPEG ya ukubwa kamili, na ExifTool, kiprogramu cha kusoma taarifa za ndani ya faili, inaweza kuzichomoa zote kwa amri moja. Zikatoka, zikatumwa, presha ikapungua. JPEG hizo ndizo baadaye zilizoleta swali gumu kuliko la kwanza.

Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyeligundua. Picha za Igombe zilizochomolewa kwenye CR3 zilikuwa na rangi fulani, na zile alizoanza kuhariri kutoka DNG zilikuwa na nyingine: ngozi imepoa, gauni limeelekea kijivu, maji hayana ule ubuluu. Mpiga picha naye aliliona jambo hilohilo kwenye kompyuta, kwamba picha inafunguka nzuri kwa sekunde moja kisha inabadilika mbele ya macho. Hakuna kilichoharibika hapo. Sekunde ile ya kwanza unaona JPEG iliyofichwa, yenye mtindo wa rangi wa Canon. Programu ikimaliza kusoma data ya kihisi inaweka tafsiri yake yenyewe, kwa kutumia maelezo ya rangi ya modeli ile. Kwenye DNG maelezo hayo husafiri ndani ya faili, ndiyo maana programu ya zamani iliweza kutoa rangi za kuaminika kwa kamera isiyoijua. Hazikuwa mbovu, zilikuwa nyingine. Tulichukua picha moja ya uso mchana na moja ya jioni, akarekebisha hizo mpaka ngozi ikakaa sawa, akahifadhi mipangilio hiyo kama msingi wa kamera mpya. Mitindo yake ya zamani haikufaa kuhamishwa ilivyo, kwa sababu ilitengenezwa juu ya rangi za kihisi kingine.

Ninalolijali kuliko yote katika kisa hiki ni upeo wa maji.

Kwenye picha za Igombe wanandoa wamesimama mchangani, na nyuma yao ziwa limefunguka. Kwenye picha za 24-105 mstari wa maji ulinyooka. Kwenye za 24-70, zilizopigwa pale pale dakika chache baadaye, ulibonyea katikati na kuinuka pande zote mbili. Kwa jicho la haraka huuoni. Ukishauona huwezi kuacha kuuona, na kwenye albamu kurasa mbili zinapokaa pamoja, moja imenyooka na nyingine imebonyea, hata asiyejua kamera atahisi kuna kitu.

Kwanza nilimwomba azime marekebisho ya lenzi kwenye programu. Mstari ukageuka: sasa ulibinuka juu katikati na kushuka pembeni. Huo ndio upindaji wa kawaida wa zum nyingi zikiwa upande mpana, upeo ukiwa sehemu ya juu ya fremu. Kwa hiyo lenzi ilikuwa inapinda upande mmoja kwa kiasi, na programu ilikuwa inairudisha kupita kiasi mpaka inapindia upande wa pili. Programu haikukosa profaili ya lenzi, yaani vipimo vya kurekebishia kasoro zake, bali ilitumia ya lenzi nyingine. Tulipoangalia jina la lenzi kwenye sehemu ya marekebisho, lilikuwa la lenzi ambayo hajawahi kuimiliki.

Linatokeaje? Lenzi inapofungwa kwenye kamera hujitambulisha kwa namba. Canon wana namba za lenzi zao, na kampuni nyingine zilizotengeneza lenzi za mdomo wa EF ziliazima namba zilizokuwepo au zikatumia moja kwa lenzi kadhaa. Namba moja inaweza kubebwa na lenzi za kampuni tofauti. Programu inajaribu kuzitenganisha kwa kuangalia urefu wa zum na upana wa tundu la kupitishia mwanga, lakini 24-70 zenye tundu linalofanana ziko nyingi, na hapo inabaki kubahatisha. Adapta haikuhusika. Ya aina hii haina kioo ndani, inajaza tu tofauti ya umbali kati ya mdomo wa EF, milimita 44 kutoka kwenye kihisi, na wa RF, milimita 20. Lenzi ikiwa na profaili sahihi kwenye kamera ya zamani ya kihisi kikubwa, inabaki sahihi na hapa.

Kuwa na profaili ya lenzi nyingine ni kuvaa miwani ya mtu mwingine: afadhali usivae kabisa. Tena programu haikuonya. Faili ghafi isiyojulikana ilikataliwa waziwazi, lakini lenzi iliyokosewa jina ilipita kimya, alama ya tiki ikiwa imewekwa, kana kwamba kazi imefanyika. Kwangu hili la pili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu la kwanza linakusimamisha usiku uleule, na hili linaweza kufika mpaka kwenye albamu iliyochapwa.

Kosa lilionekana sehemu nyingine pia. Profaili hurekebisha mambo matatu: upindaji wa mistari, giza la pembeni, na mipaka ya rangi inayotokea kwenye kingo kali. Nguzo za mitumbwi zilizosimama mbele ya maji yanayong'aa zilikuwa na uzi wa zambarau upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Pembe za anga zilikuwa nyeupe kuliko katikati, kwa sababu giza lililokuwa linaondolewa halikuwepo kwa kiasi hicho. Ukiona pembe zinang'aa kuliko katikati na hukufanya wewe, lishuku jina la lenzi.

Na zile JPEG zilizochomolewa? Nazo kwenye 24-70 zilikuwa na kasoro pembeni. Kamera yenyewe ina marekebisho ya lenzi ndani, inayafanya kwenye JPEG, nayo inategemea namba ileile. Baadhi ya watengenezaji wa lenzi wamewahi kuwashauri wateja wayazime kwenye kamera za Canon kwa sababu hiyo. Akayazima. Aliuliza pia kwa nini asiziingize JPEG hizo kwenye programu na kuziwekea profaili humo. Orodha ya lenzi aliyoiona ilikuwa fupi zaidi, na si hitilafu: profaili nyingi zimepimwa kwa faili ghafi, na programu haiziwekei JPEG kwa sababu kamera inaweza kuwa imeshairekebisha.

Profaili ya 24-70 yake haikuwemo kwenye programu ya zamani. Hapo nilimfungulia darktable. Marekebisho yake ya lenzi hutegemea Lensfun, hazina ya wazi inayotumiwa pia na RawTherapee na digiKam, ambamo vipimo vya kila lenzi vimeandikwa kwa kila urefu wa zum. Unaweza kuchagua jina la lenzi kwa mkono badala ya kungoja programu ibahatishe. Lenzi yake ilikuwemo, akaichagua, na mstari wa maji ukanyooka. Picha za Igombe za lenzi hiyo akazimalizia huko.

Kwa asiyetaka programu ya pili, tulifanya jaribio ambalo mkazi yeyote wa ukanda huu anaweza kulifanya bure. Tafuta sehemu ya ziwa ambako maji yamefunguka bila kisiwa wala kilima mbele. Upande wa ghuba ya mjini hapafai, ng'ambo imejaa vilima. Piga mstari wa maji ukiwa karibu na ukingo wa juu wa fremu, halafu karibu na ukingo wa chini, kwenye 24, 35, 50 na 70, marekebisho yote yakiwa yamezimwa. Usiupitishe katikati, kwa sababu mstari unaopita kwenye kitovu cha lenzi haupindi hata lenzi iwe mbaya vipi, nawe utadhani yako ni safi. Kisha sogeza kirekebishi cha upindaji mpaka mstari wa juu na wa chini yote miwili inyooke, uhifadhi kipimo hicho kwa kila urefu. Asiye karibu na maji atumie ukuta mrefu wa tofali zilizopangwa vizuri. Hutapata usahihi wa Lensfun, lakini utakaribia kiasi cha kutosha kwa albamu.

Jaribio hilohilo linawafaa wenye lenzi za zamani za kuzungusha kwa mkono, kama Helios 44-2 ya milimita 58, ambazo baadhi ya vijana wanazifunga kwa adapta kwa sababu ya ukungu wake mzuri nyuma ya mtu. Lenzi hizo hazina mawasiliano yoyote na kamera. Kwenye taarifa za picha hakuna jina, hakuna tundu, na programu haitajua hata kama kulikuwa na lenzi. Andika kwenye daftari, la sivyo mwezi ujao hutakumbuka picha ipi ilitoka wapi.

Ikabaki 10-18, na hapa programu haikuwa na hatia yoyote. Lenzi za EF-S zimetengenezwa kwa kihisi kidogo. Ukiifunga kwenye RP kwa adapta, kamera inaitambua na kukata picha yenyewe mara 1.6. Badala ya megapikseli 26.2 unapata kama 10. Picha za ukumbi zilifunguka sawa, rangi sawa, profaili ilikuwemo na ilikuwa sahihi. Mpiga picha alidhani kigeuzi cha DNG ndicho kilichozipunguza, akawa tayari kuzigeuza zote upya. Tukafungua CR3 yenyewe, na vipimo vilikuwa vilevile: pikseli 3,888 kwa 2,592. Kilichokatwa na kamera hakimo kwenye faili, hakuna programu itakayokirudisha.

Hilo lilikuwa na uzito kwa sababu mama wa bwana harusi alikuwa ameagiza picha ya ukumbi mzima ichapwe kwenye turubai la mita moja la kutundika sebuleni. Kwa upana huo, pikseli 3,888 zinatoa kama 99 kwa inchi. Ukisimama mbali inapita, ukisogea karibu nyuso za meza za nyuma zinayeyuka, na picha ya ukumbi watu huisogelea kutafuta nani alikuwepo. Mpiga picha alimpigia mama, akamsalimia, akamweleza hivyo bila kuzunguka. Wakakubaliana picha ya ukumbi ichapwe sentimita 60, ambako inapata kama pikseli 165 kwa inchi, na turubai la mita moja lipewe picha ya mawe ya Capri Point iliyopigwa kwa 24-105, yenye upana kamili wa pikseli 6,240. Lenzi ya 10-18 ameiuza, na kwa sasa kumbi anazipiga kwa 24, akirudi nyuma mpaka ukutani.